Maombi Yetu kwa Filamu ya Wote

Tulipomzika Ilunga mwaka jana pale Kamina, katekista alisimama uani chini ya turubai akaongoza maombi. Kila aliyetaka alisema ombi lake kwa ajili ya marehemu na familia, nasi wengine tukaitikia kama wanavyoitikia kanisani. Mimi ni Mwislamu, lakini nimekaa matanga mengi ya Wakatoliki, na mwendo wake naujua. Maombi ya mwanzo yalikwenda vizuri. Kisha, kutoka viti vya nyuma, mzee mmoja mwenye upara, mtu wa wajukuu, akakohoa na kusema kwa sauti nzito: "Tunalomba Mama Kioo asiolewe mu hii filme!" Na wanaume wote wa rika letu, wenye mvi na wenye magongo, wakajibu kwa pamoja: "Ikuye!" yaani na ije, iwe hivyo. Katekista mwenyewe alijibu. Vijana walitazamana wakidhani wazee wamezidisha kunywa. Mjane wa Ilunga, mwanamke mwema ambaye sijawahi kupata sababu ya kumchukia, ingawa nimeitafuta, alinitazama mimi kana kwamba ndimi niliyewatuma. Nilicheka mpaka kitambaa kikanivuka kichwani, halafu nikalia, na sikuwa namlilia Ilunga peke yake.

Mjukuu wangu, aliyenisindikiza kutoka Lubumbashi, aliniuliza huyo Mama Kioo ni nani. Mtoto huyu ana simu, na ndani ya simu ana marafiki asiowahi kuwaona, na kutwa nzima wanabishana juu ya filamu ya mashujaa itakayotoka: nani awemo, nani awaongoze wenzake, nani asife. Akipata ombi jipya analisoma kwa sauti tukiwa mezani, chakula kinapoa. Anadhani mambo hayo yamezaliwa na simu. Nilimwambia kwamba sisi tuliyafanya kabla mama yake hajazaliwa, tena gizani, ndani ya ghala ya baba yangu, mwaka ule vita vya pili vya nchi yetu vilipoanza. Hakuniamini, na sikumlaumu. Hata mimi nikiusimulia mwaka ule nasikia kama nasimulia wa mtu mwingine.

Ghala ilikuwa nyuma ya duka. Zamani ilijaa magunia ya chumvi na marobota ya vitenge, lakini treni zilipoanza kuja kwa kubahatisha ikabaki tupu, na baba, ambaye hakuweza kuvumilia chumba kisichoingiza kitu, akanunua televisheni, mashine ya kaseti na jenereta, ambayo sisi tuliiita grupu. Madirisha tuliyaziba kwa mablanketi. Mabenchi yalikuwa mbao zilizowekwa juu ya makasha ya soda. Harufu ya samaki wakavu wa ziwa Kisale haikutoka hata tuliposugua sakafu kwa sabuni na majivu, na mpaka leo nikipita penye samaki wakavu nasikia ngumi na milio ya risasi za filamu. Nilikuwa msichana wa kuolewa, kama shangazi zangu walivyonikumbusha kila walipokuja kula kwetu. Kazi yangu ilikuwa kukaa kando ya mashine, kurudisha kaseti mwanzo, na kuuza karanga. Sikupaswa kutazama filamu. Nilizitazama zote.

Filamu zilisema Kifaransa, tena Kifaransa cha haraka, na wateja wetu wengi walikuwa na Kiluba cha nyumbani na Kiswahili cha sokoni, Kifaransa wakakiacha shuleni siku waliyotoka. Kwa hiyo tulikuwa na Ilunga. Alikuwa kijana wa familia ya wakulima wa kando ya mji, aliyekaa seminari miaka michache akarudi bila kueleza kwa nini. Alisimama ubavuni mwa televisheni na ufito mkononi, na chochote kilichosemwa ndani yeye alikisema nje, kwa sauti ya mwanamume, ya mwanamke, ya mbwa ikibidi. Mashujaa aliwapa majina yetu. Mama Kioo ni yule aliyeweza kuingia kwenye kioo cha nyumba moja akatokea kwenye kioo cha nyumba nyingine. Kimya alikuwa na sauti ya kuvunja mawe, kwa hiyo hakusema kamwe, na Ilunga alipenda filamu zake kwa kuwa zilimpumzisha koo. Na mkubwa wao alikuwa Kapita, jina la msimamizi wa kazi, kwa sababu alikuwa mnene, mwenye suruali mbovu, na alibeba kwa mabega yake vitu ambavyo watu wengine walivikimbia.

Kapita alikufa mwishoni mwa filamu yake. Daraja lilivunjika, akalishika mpaka watu wa mji wote wakavuka, kisha mto ukamfunika, na watu wakasimama ukingoni wakilia. Siku tulipoionyesha mara ya kwanza, ghala nzima iliinuka. Mtu alirusha benchi. Mtu mwingine alidai baba amenunua kaseti mbovu, kwani mwenye filamu hawezi kufa. Baba alikuwa mlangoni, rangi imemtoka, na Ilunga akainua ufito akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake: "Mukae! Mukae, bandugu! Kapita hafe. Analala. Analala chini ya mayi, anangojea benzake. Siku benzake batamuita, atatoka, mayi haitamuweza." Watu wakakaa. Baba akashukuru Mungu. Na tangu siku hiyo, katika ghala yetu, hakuna mtu mwema aliyekufa. Walipigwa risasi, walianguka kutoka maghorofani, na Ilunga akasema wamelala. Mimi nilielewa Kifaransa na nilijua, nikaona ni jambo zuri. Ndivyo nilivyompenda, kama mnataka nilitaje wazi: nilimpenda kwa sababu alikuwa hawezi kuwaacha watu waende nyumbani na huzuni.

Kisha mjomba wangu akarudi kutoka Lubumbashi na bango la karatasi. Filamu mpya ilikuwa inakuja, na ndani yake mashujaa wote wangekuwa pamoja, kundi moja. Ilunga aliitafsiri "filme ya bote". Walisimama kwenye mstari, Mama Kioo, Kimya na wengine, na Kapita hakuwepo, ila nyuma yao kulikuwa na kivuli kipana. Tulibishana kuhusu kile kivuli mpaka bango likachakaa kwa vidole. Na hapa lazima nieleze desturi ya baba. Maonyesho yalikuwa alasiri, na jua lilipozama, hata kama kwenye filamu mtu ananing'inia kwenye kamba, baba alizima grupu akaenda kuswali magharibi. Hakuna aliyethubutu kulalamika. Watu walibaki gizani wakimngoja, na gizani ndipo Ilunga, kwa mchezo tu, alipoanza kuongoza maombi kama ya Misa. Mtu alisema anachotaka kwenye filamu ya wote, wengine wakaitikia. "Tunalomba Kimya aseme mara moja, mwishoni." "Ikuye!" "Tunalomba basimuue ule mwizi wa kwanza, bamufunge tu." "Ikuye!" "Tunalomba filme ikuwe murefu, mpaka grupu ikwishe mafuta." "Ikuye!" Baba, akiwa kwenye mkeka wake upande wa pili wa ukuta, alisema mara moja tu kwamba hajui Mungu anatuelewaje.

Aliyeomba kwa moyo kuliko wote alikuwa Banza. Alikuwa kijana mrefu, mtoto wa pekee wa mama mmoja aliyeuza unga wa muhogo sokoni, na ombi lake lilikuwa lile lile kila jioni, kwa sauti iliyokuwa bado inavunjika: "Tunalomba Kapita aamuke, njo akuwe mukubwa wa ekipe," yaani ndiye awe mkubwa wa kundi. Hakuna ombi lililoitikiwa kwa kelele kama hilo. Banza aliwahi kuniuliza, mkono ukiwa kwenye karanga zangu, kama inawezekana mtu kulala muda mrefu hivyo bila kula. Nilimwambia samaki wanaweza. Aliridhika, akaondoka na karanga asizolipia.

Jikoni kwetu wakati huo maneno yalikuwa mengine. Nakumbuka sinia la bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa bila mafuta kwa kuwa mafuta hayakufika, na sauti ya mjomba ikipita juu ya vichwa vyetu: njia imekatwa, mji fulani umeanguka, fulani ametoroka na duka lake mgongoni. Mama alikuwa akisema, "Batoto beko banasikia," na mjomba akaendelea, kwani alipenda kusikiwa. Ndipo redio ikaanza kuita vijana. Ilisema nchi inawataka, waje wajiandikishe, na malori yatapita kuwachukua. Jioni moja, baba alipozima grupu, hakuna aliyeomba kuhusu Mama Kioo. Sauti moja ikasema, "Tunalomba shiye bote tuende ekipe moja." Ilikuwa sauti ya Banza, akitaka sisi wote twende jeshini kundi moja. Wakaitikia mpaka mablanketi yakatikisika. Nami, ambaye sikuwahi kufungua mdomo mle ndani isipokuwa kutaja bei, nilisimama. Nikasema: "Minyi nalomba kwa ile filme kuwe mumoja wao, banamuita, anakatala, anabaki kwabo. Na filme isimucheke." Wakacheka, na mtu akasema Da Zaina anataka filamu ya kupika. Katikati ya kicheko nilisikia mtu mmoja akiitikia, taratibu, na nilijua ni Ilunga. Nimeishi na jibu lile moja miaka yote hii, na ningelibadilisha kwa la Banza bila kufikiri.

Mama Banza alikuja siku iliyofuata, asubuhi, beseni la unga kichwani. Hakuwahi kuingia ghalani. Filamu kwake zilikuwa mambo ya watu waliokosa kazi. Alimkuta Ilunga akinisaidia kupanga mabenchi. Hakuweka beseni chini.

"Ilunga, weye njo unasemeaka batoto filme?"

"Ndiyo, mama."

"Ile muntu mwenye kubeba daraja. Banza anasema hakufe."

Ilunga alinitazama. "Alikufa, mama."

"Basi sababu gani mutoto wangu anasema bale bazuri habafe, banalala? Nikimuambia vita, ananiambia kulala. Nikilia, anacheka, anasema mama, weye haujue." Sauti yake haikupanda. "Njo weye ulisema. Sema ingine. Minyi sina muntu mwingine mu nyumba."

Ilunga aliahidi. Alimwomba baba tuonyeshe tena ile ya Kapita, baba akakubali, kwa sababu ile filamu haikukosa wateja. Mchana ule hakula. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma, akisema sentensi zake kwa sauti ndogo, na kila alipofika kwenye neno lenyewe alisimama, akaanza upya. Nilimwambia ni neno moja tu. Akaniambia, "Zaina, ile neno sikulisema hapa hata siku moja."

Ghala ilijaa. Mama Banza alisimama mlangoni, hakutaka kukaa. Kapita akalishika daraja, watu wakavuka, mto ukapanda, na Ilunga akanyoosha ufito, akasema, si kwa nguvu: "Kapita anakufa. Muone bale bantu, beko banalia. Banalia maana anakufa. Hatarudia." Kisha Banza, kutoka mbele, akasema kama anayemkumbusha mtu aliyesahau: "Analala." Mwingine akasema, "Analala chini ya mayi." Na ghala nzima ikadaka, wanaume wazima, watoto, wote, neno kwa neno, kwa sauti ile ile ya Ilunga waliyoikariri: analala chini ya mayi, anangojea benzake, siku benzake batamuita atatoka, mayi haitamuweza. Ilunga alipaza sauti. "Anakufa! Minyi njo nilisemaka bongo, anakufa!" Alikuwa anakiri uongo wake. Hawakumsikia, au walimsikia wakaona ni mchezo mpya. Walimfunika kwa maneno yake mwenyewe. Walipiga makofi. Alishusha ufito akakaa chini sakafuni, na wao wakaimaliza filamu bila yeye.

Walipotoka, Banza alimwendea akamwinua kwa mkono, kwa upole, kama anavyoinuliwa mgonjwa. "Yaya, unachoka," alimwambia, kwa neno la kumwita kaka. "Kila siku kusema, kila siku kusema. Enda nyumbani upumuzike." Nilimtafuta Mama Banza mlangoni. Alikuwa ameshaondoka. Watu wengi wamenieleza tangu siku ile kwamba vijana wangekwenda tu, Kapita au bila Kapita, kwa kuwa hapakuwa na kazi, hapakuwa na treni, na redio haikunyamaza. Huenda ni kweli. Ilunga naye aliambiwa hivyo maisha yake yote, na mkewe, na padri, na mimi. Alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Malori yalikuja. Vijana wa ghala yetu walipanda lori moja, walihakikisha hilo, hata walimsukuma mtu asiye wa kwetu ashuke atafute lingine. Mama Banza alikuwa amemshika mwanawe mkono kupitia ubao wa lori. Banza aliniona katika watu. Alipiga kelele juu ya injini: "Da Zaina! Filme ya bote ikifika, mutungojee! Musiionyeshe bila shiye!" Nilimwambia ndiyo. Ningemwambia ndiyo kwa lolote. Lori likaenda, vumbi jekundu likainuka, na akina mama wakabaki wamesimama njiani hata baada ya vumbi kushuka, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kurudi nyumbani.

Kaseti ilifika kwa baiskeli, ndani ya gunia la mahindi, mvua zilipokuwa zimeanza. Wateja waliobaki, wazee na watoto wadogo, waliomba tuionyeshe, na baba naye alitaka, maana grupu ilihitaji mafuta. Ilunga alikataa, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akimkatalia baba. Alisema tunawangojea. Baba alilalamika wiki nzima, kisha akaiweka kaseti juu ya kabati, na panya wakaila. Niliiona filamu ile miaka mingi baadaye, nyumbani kwa mwanangu Lubumbashi, mchana, watu wakiingia na kutoka. Mama Kioo aliolewa. Kimya alisema ovyo kuanzia mwanzo. Kile kivuli kilikuwa cha nyumba tu. Hakuna hata ombi letu moja walilolipokea, na nilikasirika, mimi mama mzima, nikaenda jikoni kupiga sufuria bila sababu.

Habari za Banza zilikuja na kijana mmoja aliyerudishwa kwa sababu ya mguu. Alitwambia Banza hakufika vitani. Alikufa kambini, kwa ugonjwa wa tumbo, yeye na wengine, na wakazikwa huko huko. Hakuwa ameshika bunduki. Majirani wakaenda kwa Mama Banza na mikeka yao ili walale matanga, naye akawatazama kama watu waliopotea njia. Hakulia. Alikwenda sokoni siku iliyofuata na beseni lake, akapima unga, akarudisha chenji. Watu walianza kunong'ona kwamba moyo wake ni mkavu, wengine kwamba akili imemtoka. Mama yangu alimpelekea chakula. Alikipokea, akarudisha bakuli limeoshwa.

Kisha akaja ghalani. Ilikuwa mchana, hapakuwa na onyesho, mimi na Ilunga tulikuwa tunahesabiana makosa ya siku kama watu wanaongojea mmoja wao aseme jambo. Safari hii aliweka beseni chini. Akakaa kwenye benchi la mbele, katikati, akaweka mikono magotini.

"Nionyeshe ile ya muntu wa daraja," alisema.

Ilunga alisema hakuna mafuta. Mimi nilijua yamebaki kidogo, nikaenda kuwasha grupu. Niliporudi Ilunga alikuwa anamwambia, "Mama, nitaisema muzuri. Nitaisema vile iko."

"Hapana. Sema vile ulisemaka na batoto."

"Ile iko bongo, mama."

"Minajua iko bongo. Minajua banamuzika. Sema tu."

Aliisema. Aliisema yote, kwa sauti zote, ya mbwa pia, kwa mwanamke mmoja katika ghala tupu, na sijawahi kumsikia akisema vizuri vile. Mama Banza hakuwa anatazama televisheni. Alimtazama yeye mdomoni. Mto ulipomfunika Kapita, Ilunga akasita, nami nilidhani ameshindwa, kisha akasema: hafe, analala, analala chini ya mayi. Akasema mpaka mwisho. Nikazima mashine. Ilunga alikuwa ameegemea ukuta, macho ameyafumba, na hakusema tena filamu yoyote baada ya siku ile.

Mama Banza akakaa kidogo. Halafu akainuka, akajifunga kitenge vizuri kiunoni.

"Kumbe njo ile alikuwa anasikiaka," alisema. "Nilitaka kuisikia. Wafwako, Ilunga," akamshukuru kwa Kiluba.

Alisahau beseni lake. Nilimfuata nalo mpaka barabarani, lakini alikuwa ameshafika pembeni ya duka la jirani, na hapo, mbele ya watu wote, alijitupa chini akaanza kumlilia mwanawe kwa jina.